Gunia la Digidigi na Kibao cha Fisi

Mwaka ule mvua za vuli ziliukataa mji wa wanyama, na za masika zikaona za vuli hazikuadhibiwa, nazo zikagoma. Mito ikabaki mchanga mtupu. Sokoni mchicha ukawa habari ya kusimuliwa: aliyeuona juzi alimweleza asiyeuona, na asiyeuona akaenda kulala na maelezo.

Nyuma ya kasri la Simba palikuwa na mtaa ulioitwa Ukutani, kwa sababu wakazi wake hawakupata kitu kingine kwa Simba isipokuwa kivuli cha ukuta wake, nacho ni cha asubuhi tu. Katika mtaa huo aliishi Bi Digidigi na mtoto wake mchanga. Digidigi alikuwa mwoga wa kuzaliwa. Jani likianguka karibu naye, alikuwa akiliomba radhi.

Lakini mwoga naye ana mtoto, na mtoto ana njaa. Digidigi alikosa majani mabichi, na maziwa yake yakaanza kukauka. Mtoto alinyonya, akavuta, akaachia, akamtazama mama yake usoni. Mtazamo ule ulimuuma Digidigi kuliko njaa yenyewe.

Kati ya ukuta wa Simba na mfereji palikuwa na kipande cha ardhi kisichozidi ua wa nyumba moja, ambapo mtaa mzima ulitupa takataka. Digidigi alipafagia. Akaokota gunia lililochanika na kopo kubwa lisilo na kitako. Akalisimamisha kopo katikati ya gunia, akalijaza mawe, akazungushia udongo na samadi, kisha akalivuta kopo juu kidogo kidogo, mpaka mawe yakabaki yamesimama peke yake katikati ya udongo kama uti wa mgongo. Akatoboa gunia ubavuni, akapachika miche ya sukuma wiki, na juu akapanda mchicha.

Siri ya gunia la namna hiyo ni mawe. Maji humiminwa kwenye mawe tu, tena polepole, ili yashuke mpaka chini na udongo wote unywe. Ukiyamwaga juu ya udongo, yatateremka ubavuni na kukuachia matope. Digidigi alimimina maji aliyooshea mchele na vyombo, maana mengine hakuwa nayo. Na ili jua lisiyanyonye, aliufunika mdomo wa mawe kwa kigae cha chungu cha marehemu mama yake. Mchicha ulipokua, uliinamia kigae kile kikapotea machoni.

Majirani walicheka mpaka wakashika mbavu. "Jamani, Bi Digidigi anapanda gunia! Likiiva atupe nasi mbegu za magunia!"

Wiki tatu baadaye hakuna aliyecheka. Walianza kupita pale kwa bahati mbaya, mmoja baada ya mwingine, kila asubuhi.

"Hujambo, jirani? Nilikuwa napita tu."

"Sijambo. Karibu," alijibu Digidigi, ingawa njia ile haikuelekea popote.

Aliwafundisha wote. Kopo lile lisilo na kitako lilizunguka nyumba hadi nyumba, na magunia yakafika kumi na moja. Wakapatana mambo matatu. Kila nyumba itamimina ndoo moja kila asubuhi. Kila mmoja atachuma majani ya chini na kuacha kilele. Na mavuno yote yatamwagwa kwenye mkeka mmoja, yagawanywe mafungu sawasawa, na mwenye kugawa achukue mwisho. Walipokezana kugawa. Mafungu yalikuwa sawa kiasi kwamba hata Sungura, ambaye kazi yake duniani ni kutafuta palipopunjwa, hakupata la kusema.

Maziwa ya Digidigi yakarudi. Mtoto akaanza kurukaruka na kuangusha vitu.

Hapo ndipo Fisi aliposikia harufu ya neema.

Ni jambo linalojulikana kwamba Fisi hali mboga. Ukimwekea mchicha mbele yake atauliza umefunika nini. Lakini Fisi hahitaji kukila kitu ndipo akitake. Humtosha kuona mwenzake anacho. Alikuja akasimama katikati ya magunia, akatikisa kichwa kwa huzuni.

"Ndugu zangu, nimesikitika," alisema. "Nimesikitika sana. Bustani nzuri kama hii haina kamati!"

Wanyama wakatazamana. Walikuwa na mboga, hawakujua kama wamepungukiwa na kitu.

"Haina mwenyekiti! Haina katibu! Kesho akija mkubwa kuwatembelea, atapokewa na nani? Na sukuma wiki?"

Aibu ikawashika. Kabla jua halijapanda sana, uchaguzi ulikuwa umekwisha. Fisi akawa mwenyekiti, kwa kuwa ndiye aliyekuwa amekwisha kusimama. Kobe akawa katibu. Kanga, kwa sauti yake, akawa msemaji. Waliobaki waligawiwa kamati ndogo: kamati ndogo ya ndoo, kamati ndogo ya kivuli, kamati ndogo ya makofi. Digidigi alipewa cheo cha Mwanzilishi Mtukufu, cheo ambacho hakikuwa na kiti. Sungura peke yake hakupata kitu, kwa sababu alisikia watu wanaitana akadhani ni kazi, akajificha.

Fisi naye akawekewa gunia, la kumi na mbili. Hakuuliza mengine yamejazwa nini, akalijaza udongo mtupu na takataka zilizobaki, akachomeka miche mitatu. Kopo lisilo na kitako halikuwa na kazi tena, akalichukua likawa ndoo yake. Alilifunika kwa sahani, na kila asubuhi alipita nalo mtaani akihema.

"Pole na kazi, Mwenyekiti," walimwambia.

"Tutafanyaje, ndugu zangu? Uongozi ni mzigo."

Na mikutano ikaanza. Ilifanyika asubuhi, kivulini, saa ileile ya kumwagilia. Wanyama walijadili maji huku magunia yakikauka nyuma yao. Digidigi, aliyekuwa mwoga hata wa mikutano, aliendelea kubeba ndoo yake na kuinama gunia kwa gunia, akisikiliza kwa sikio moja.

Haukupita muda, mkeka nao ukabadilika. Kwanza lilitengwa fungu la mwenyekiti. Kisha likatengwa fungu la wageni, nalo likahifadhiwa kwa mwenyekiti. Kisha fungu la dharura, na dharura ilikuwa ikikaa kwa mwenyekiti pia. Siku moja Fisi alisimama akasema:

"Bi Digidigi ni mwaminifu kuliko sisi sote. Naomba tumheshimu. Kuanzia leo yeye ndiye atakayegawa, kila siku, daima."

Wakampigia makofi. Digidigi alishukuru kwa sauti isiyosikika. Alipofika nyumbani ndipo alipoelewa. Mwenye kugawa huchukua mwisho, na mwisho wa mkeka sasa palibaki vikonyo. Sheria ilikuwa ileile, haikuguswa hata neno. Haki tu ndiyo iliyohamishwa.

Maziwa yakaanza kupungua tena. Mtoto hakurukaruka siku hizo. Alilala ubavuni mwa mama yake akifuata ndoo kwa macho.

Basi habari za bustani zikapanda ukuta na kuingia kwa Simba. Simba ni mnyama mwenye kiburi, na alipoambiwa kuna kijani nyuma ya ukuta wake, alielewa mara moja kwamba sababu ni ukuta. Akatuma ujumbe: atakuja keshokutwa kuona jinsi ukuta wake unavyootesha mboga. Mwenye gunia bora ataruhusiwa kuteka maji katika kisima cha kasri mpaka mvua zinyeshe.

Fisi aliusoma ujumbe mbele ya wote, na mwisho akaongeza la kwake. "Na kamati imeamua, mwenye gunia baya kuliko yote atatoka bustanini. Hatuwezi kuaibishwa mbele ya mkubwa."

Kamati haikukumbuka kuamua, lakini haikutaka kuonekana imesahau. Ikapiga makofi.

Kila gunia lilikuwa na kibao cha mti chenye alama ya unyayo wa mwenyewe. Mchana ule Fisi alivikusanya vibao vyote, akisema vitapakwa rangi kwa heshima ya mgeni. Kesho yake vilikuwa vimerudi, vinang'aa. Digidigi alikuja na ndoo yake, akasimama. Kwenye gunia lake, lile la kwanza, lililokuwa limefura majani kila upande, kulikuwa na unyayo mpana wa Fisi. Unyayo wake mdogo ulikuwa kwenye gunia la kumi na mbili, lenye vijiti vitatu vya manjano.

Aliiweka ndoo chini. Alikwenda kwa Fisi.

"Samahani, Mwenyekiti. Pengine ni macho yangu tu. Naona kama vibao..."

"Pengine ni macho yako," alisema Fisi kwa upole. "Njaa huleta kizunguzungu. Kapumzike, mama."

Alikwenda kwa Kobe. "Bwana Katibu, wewe unaandika kila kitu. Si imeandikwa gunia langu ni lipi?"

"Itakuwa imeandikwa," alisema Kobe, "nitakapofika. Sasa hivi naandika mkutano wa kwanza. Nimefika kwenye dua ya kufungulia."

Alikwenda kwa Kanga. "Shoga yangu, wewe ulikuwepo nilipolipanda. Ulinicheka."

Kanga aliangalia huku na huku. "Nilicheka, shoga, sikatai. Lakini sasa mimi ni msemaji. Msemaji hasemi mpaka atumwe."

Ukweli ni kwamba wote walijua. Hakuna hata mmoja mtaani ambaye hakulijua gunia la Digidigi. Lakini kila mmoja alikuwa na kijicheo, na kijicheo ni kitu kidogo chenye mpini mrefu: anayekushika nacho hukugeuza atakako.

Digidigi alikaa chini karibu na mfereji, akalia. Sungura alimkuta hapo.

"Dada, unayamwaga maji ya bure mwaka wa ukame?"

Digidigi alimweleza yote. Sungura akakuna sikio. Si kwamba moyo wake ulikuwa laini sana. Alikuwa akila kwa Digidigi mara mbili kwa wiki bila kualikwa, na akifukuzwa mwenye nyumba, mgeni atakula wapi?

"Niambie kitu kimoja," alisema. "Umewahi kumwona Fisi akimwagilia?"

"Namwona na ndoo kila siku."

"Sikuuliza ndoo. Nimeuliza maji."

Digidigi akafikiri. "Sijamwona."

"Basi futa machozi. Kesho usiogope kitu. Mimi nitasema maneno, maana maneno ndiyo shamba langu. Wewe utainama tu kama ulivyozoea."

Siku ilipofika, Simba alikuja amechelewa, kwa kuwa mkubwa akiwahi watu hudhani hana kazi. Manyoya ya shingo yalikuwa yamechanwa na kupakwa mafuta, kucha zimesuguliwa. Akawekewa kiti pale kivuli cha asubuhi kilipokuwa bado kizito, kando kabisa ya gunia lililostawi kuliko yote. Kamati ndogo ya makofi ikafanya kazi yake.

Fisi alihutubia. Alimsifu Simba, akausifu ukuta, akasifu kivuli cha ukuta. Kisha akaweka mkono juu ya gunia la Digidigi.

"Mheshimiwa, hili nimelilea kwa jasho langu. Usiku na mchana, mimi na ndoo yangu. Na lile kavu pale ni la Bi Digidigi. Tumemvumilia sana. Leo imetosha."

"Basi atoke," alisema Simba, akiangalia kucha zake. Kwake lilikuwa jambo dogo. Digidigi alihisi mtoto wake akimsukuma tumboni kwa pua, akitafuta.

Sungura akajitokeza, akainama mpaka masikio yakagusa vumbi.

"Mheshimiwa, sisi ni wajinga, tufundishe. Tunasikia wakubwa wa kabila lako hawakutoa zawadi mpaka mshindi afanye kazi yake mbele yao, waone mkono wake. Au mila hiyo imekufa?"

Simba hakuwahi kuisikia mila hiyo. Lakini simba hawezi kufundishwa mila za simba na sungura.

"Haijafa," alinguruma. "Nilikuwa karibu kuitaja."

"Basi na wamwagilie, Mheshimiwa. Aanze Mwenyekiti, amalize Bi Digidigi, gunia hilihili."

Fisi alicheka, hi hi hi, kicheko chake kile. Kumwaga maji! Nani hajui kumwaga maji? Alipoambiwa alete ndoo yake alisema imo katika matengenezo, akaazima ya Kobe, imejaa maji ya mchele mpaka ukingoni. Akasimama wima, kifua mbele, ili mgeni amwone vizuri. Kisha akaigeuza ndoo yote kwa mkupuo mmoja juu ya mchicha.

Maji yakagonga udongo, yakakataa kuingia, yakateremka ubavuni.

Mnyama anaweza kunyamazia uongo. Anaweza kuunyamazia mwaka mzima, akaupigia na makofi. Lakini katika mwaka wa ukame hawezi kunyamazia maji yanayopotea. Mtaa mzima uliruka kwa pamoja, msemaji bila kutumwa, katibu bila kuandika, wakapiga kelele:

"Kwenye mawe! Kwenye mawe, Mwenyekiti!"

Fisi akageuka, ndoo tupu mkononi.

"Mawe gani?" aliuliza.

Ikasikika sauti ya matope yakichuruzika, yakifika kwenye kiti, yakiingia kati ya vidole vya Simba. Punje tatu za mchele zilikwama kwenye ukucha uliosuguliwa.

"Na wewe," alisema Simba taratibu, akimtazama Digidigi, "mimina. Mimina vizuri."

Digidigi alikuja na ndoo yake. Miguu ilimtetemeka, lakini njia iliijua. Hakusimama mbele ya mgeni. Aliinama, akapenyeza pua kati ya majani bila kuvunja hata moja, akatoka na kigae cheusi cha chungu. Hata Sungura alishangaa, maana hilo hakulijua. Chini ya kigae palikuwa na mdomo wa mawe, umelowa, unanukia asubuhi. Akamimina kidogo, akangoja, akamimina kidogo. Hakuna tone lililotoka nje. Baada ya muda, chini kabisa ya gunia, kitambaa kikaanza kugeuka rangi kwa unyevu.

Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Aliinua kichwa, akasema, na wote wakasikia:

"Mheshimiwa, kigae hiki ni cha chungu cha mama yangu. Kibao kinaweza kuhama. Mawe hayahami."

Simba akatazama gunia. Akatazama miguu yake. Kama miguu ile ingebaki mikavu, siwezi kukuapia angeamua nini. Lakini ilikuwa imelowa.

"Fisi," alinguruma, "umenitia matope mbele za watu kwa gunia usilolijua hata tumbo lake! Kisima ni cha Digidigi. Wewe ndiwe utakayetoka."

Hapo mtaa mzima ukakumbuka kila kitu. Kanga alieleza kwa sauti ya kufika mji wa pili jinsi alivyoliona gunia likipandwa. Kobe aliruka kurasa zote akaandika, "Gunia ni la Bi Digidigi," akapiga mstari chini yake. Kamati ndogo ya makofi ilikuwa ya kwanza kuuendea mlango wa Fisi. Walipousukuma, uvundo ukawasukuma wao. Fungu la mwenyekiti, fungu la wageni na fungu la dharura yalikuwa yamerundikana mpaka darini, meusi, yanateleza. Hakuna hata jani moja lililoumwa.

Walitaka kumfukuza mbio. Digidigi ndiye aliyewazuia, kwa sauti yake ndogo ambayo sasa ilikuwa ikisikika.

"Msimfukuze. Aivundike ile mboga iliyooza iwe samadi. Kisha abebe maji kutoka kisimani, magunia yote kumi na mawili, mpaka mvua inyeshe. Na apewe ndoo yenye kitako."

Simba, ambaye alikuwa anataka kwenda kunawa, alikubali. Kamati zilivunjwa siku hiyohiyo, isipokuwa ya ndoo, kwa sababu ndoo zilihitajika. Kugawa kukarudi kwa zamu. Fisi alipofika siku ya kwanza na maji yake halisi, alitaka kumimina amesimama, na mtaa wote ukamwambia la kufanya kwa neno moja. Akainama, mgongo ukimlia kama mlango mkavu. Pembeni yake mtoto wa Digidigi aliruka, akaangusha ndoo, akarudi kunyonya, na safari hii hakuachia mpaka aliposhiba.

Mvua zilipokuja hatimaye, zilimkuta Fisi bado ameinama. Mimi niliyekusimulia sikupewa fungu, lakini hili walinipa bure: mtaka cha mvunguni sharti ainame.